Tiketi ya kuonja vyakula: nenda, ila usianze na pilau

Dada umeuliza kama hiyo tiketi ya elfu kumi ya kuonja vyakula, ya kuchangia madawati, inalipa, na uanzie wapi maana meza ni nyingi na tumbo ni moja. Mi nimeenda mbili za hivyo hapa hapa Dodoma na ya kwanza nlijiharibia mwenyewe, so nakupa ya moyoni.

Ile ya kwanza nlienda na njaa ya tangu jana yake, asubuhi nimepiga chai kavu tu nikijua naenda kuirudisha elfu kumi yangu. Sasa meza ya kwanza getini ni pilau, aisee ile harufu we acha tu, nikajaza sahani kama niko shughulini, kufika meza ya tatu mkanda nishaulegeza nabaki kuzunguka nasalimia watu. Kumbe kule mwisho chini ya mwarobaini kuna mama mmoja wa Kigogo na chungu chake, watu wanampita, na chakula cha siku ile kilikuwa kwake. Nlionja tonge moja, la pili halikushuka. Pilau si ntakula harusi yoyote jamani??

Mara ya pili nikanyoosha moja kwa moja kwake, nikamsalimia Kigogo, "mbukwenyi mama", akacheka akanisogezea kigoda. Ugali wa uwele, ule wa kijivu, na mlenda mkavu. Kwa wageni wa hapa, mvua yetu ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi, kwa hiyo majani ya mlenda yanachumwa kipindi hicho yanaanikwa yanatwangwa na kiangazi chote mboga ipo ndani kwenye kopo. Yeye alikuwa anaunyunyiza ule unga kidogo kidogo kwenye maji yanayochemka yenye magadi, mkono mwingine anapekecha, karanga za kusaga zinaingia mwishoni. Akiinua mwiko mlenda unafuata juu kama uzi, haukatiki, anaukata kwa kidole anaendelea na stori zake. Kula nako kuna ufundi, tonge unalibonyeza katikati kwa dole gumba, unachota, halafu unazungusha mkono kuukata ule uzi kabla hujapeleka mdomoni. Mi nilijichora shati toka kifuani mpaka mfukoni. Jamaa yangu wa Bukoba akasema hicho ni kamasi akarudi kwenye ndizi, sikumbembeleza, hela yake.

Vingine haraka haraka. Perege, wale samaki wa bwawa la Mtera, mle wa moto, anayetoka kwenye kikaango wakati we unaona. Kuku wa kienyeji wa Singida siku zote mtamu ila anakula muda, kuna foleni na kuna kutafuna, mi naomba mchuzi na kipande kimoja. Kachumbari iliyokaa juani toka saa nne ikimbie, na chochote chenye mayonizi ndo kabisa, kuna meza moja siitaji ilinilaza siku mbili. Beba kijiko chako, vile vya plastiki ugali wa uwele unavivunja. Na kila meza sema "nionjeshe tu mama", usiogope, wenyewe wanafurahi maana chakula kinafikia wengi.

Halafu kama unaenda kwa ajili ya madawati kweli, usiishie kwenye tiketi. Turubai, spika, viti, vyote vinataka hela ya hiyo hiyo tiketi. Subiri mnada wa mwisho. Kwetu jogoo mmoja aliuzwa, aliyemnunua akamrudisha, akauzwa tena, akarudishwa, mara tatu, yule kuku nadhani alichangia kuliko wote pale. Tenga hata elfu tano ya hapo, na nyingine ya zabibu, si umesema ni mwezi wa nane, ndo mavuno ya pili yanaanza hayo, nunua mapema maana jioni utakuta vikonyo.

Na kama huyo mama yupo chini ya mti na chungu chake huwa anauza na unga wa mlenda kwenye vifuko, nichukulie viwili, ntakurushia hela kwenye simu.