Maswali ya wasomaji: Nguo za jioni za sherehe melini

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Binti yangu anayeishi Uingereza amenikatia tiketi ya meli ya kitalii ya Cunard, siku 7, tunapandia Southampton wiki ya Krismasi. Ananiambia kuna jioni mbili za kuvaa rasmi, moja ya nyeusi na nyeupe, nyingine ya nyekundu na dhahabu. Mimi ni mtu wa vitenge. Nitaruhusiwa, au ninunue magauni ya dukani? Na yawe mangapi?
*Mama, Pasiansi*

JIBU: Shikamoo mama. Kitenge hakina shida, shida inaweza kuwa mshono. Jioni hizo Cunard wanaziita Gala Evenings, na kanuni ya mavazi inaanza saa 12 jioni. Mwanamke anatakiwa avae gauni la jioni au vazi la hadhi hiyo, na vazi rasmi la kitaifa linakubalika. Kwa hiyo kitenge kilichoshonwa gauni refu, chenye bitana na zipu ya kuficha, kinaingia. Kitenge hicho hicho kikiwa sketi na blauzi ya kwendea Mwaloni kununua samaki, hapana.

Magauni mawili yanatosha, na la pili si lazima liwe jipya. Tungekuwa sisi, tungeshona moja la kitenge chenye nyekundu na rangi ya dhahabu, kisha la jioni ya nyeusi na nyeupe liwe jeusi la krepu (kitambaa laini kinachoning'inia vizuri mwilini), lisilo na mapambo, ambalo baadaye utalivaa hata kwenye harusi za hapa Mwanza. Jioni zilizobaki, gauni la kufika chini ya magoti au suruali ya kitambaa na blauzi nzuri inatosha. Ukichoka kujipamba usiku wowote, unaweza kula kwenye mgahawa wa Kings Court (ndilo jina lake ndani ya Queen Mary 2, meli nyingine za Cunard huuita Lido) au kukaa baa ya Golden Lion, ambako hawadai nguo rasmi.

Sasa twende kwa fundi. Gauni refu la kumwagika linakula yadi 6 za kitenge. Likiwa la kunyooka, yadi 4 zinatosha mtu wa mwili wa wastani. Loweka kitambaa maji baridi usiku kucha na ukianike kabla hakijakatwa. Kitenge kipya kina wanga, na kikifuliwa kinarudi kidogo. Kisiporudi kabla ya mkasi kitarudi baada ya kushonwa, na kiuno ndicho kitakachokuambia. Mwambie fundi aweke bitana mpaka chini, maana pamba tupu inang'ang'ania soksi ndefu, na Desemba kule huwezi kukwepa soksi ndefu. Siku ya kupima pindo nenda na viatu utakavyovaa. Pindo liishie kama sentimita 3 juu ya sakafu. Meli ikiyumba ukiwa kwenye ngazi, gauni linaloburuta ndilo utakalolikanyaga. Ndiyo maana tunasema pima nguo hii kwa kupanda na kushuka ngazi mara mbili tatu, kioo hakitakuonyesha tatizo.

Ongeza shali nzito, kwa kuwa kumbi za chakula zina kiyoyozi. Kilemba vaa, ila kiwe cha chini ukienda ukumbi wa maonyesho; aliyekaa nyuma yako naye amelipa nauli. Kitambaa kipeleke kwa fundi mwanzoni mwa Novemba. Ukifika baada ya hapo utakuta foleni ya sare za Krismasi na harusi, na fundi mwenye haraka huanza kuruka bitana.

SWALI: Mwajiri wangu ananipeleka safari ya meli ya kitalii kipindi cha Mwaka Mpya. Lazima nivae taksido? Nina kaunda suti nzuri. Na je, suti ya mtumba ya Mlango Mmoja itanifaa?
*Msomaji, Igoma*

JIBU: Kwanza uliza jina la kampuni, maana kanuni hazifanani. Norwegian haimlazimishi mtu kuvaa rasmi usiku wowote. Celebrity iliacha usiku rasmi wa mtindo wa zamani mwaka 2015 na sasa inataka tu unadhifu wa jioni. Cunard bado wanashika ukale wao. Taksido si lazima hata huko: suti nyeusi au ya bluu iliyokoza, shati jeupe, tai au tai ya kipepeo, viatu vyeusi, umemaliza. Kaunda suti ya mikono mirefu na rangi iliyokoza unaweza kuitetea kama vazi la kitaifa, lakini mwombe wakala aulize kwa maandishi kabla hujasafiri. Ya mikono mifupi iache kwa jioni za kawaida. Kanzu safi na koti juu, kwa anayeivaa, ni vazi rasmi kamili.

Mlango Mmoja utapata, mradi uwe na jicho. Anza na mabega. Mshono wa bega uishie pale bega lako linapoishia. Fundi atafupisha mkono na kupunguza kiuno kwa bei ndogo, lakini bega linamlazimu avunje koti zima. Kisha tazama kola kwenye mwanga wa jua: ikiwa na mapovu madogo, gundi ya ndani imeachia, pengine koti lilifuliwa kwa maji, na hakuna pasi itakayorudisha. Geuza ndani, kagua bitana ya kwapani. Kagua suruali makalioni na magotini, ikimeremeta imekwisha.

Viatu vya mtumba vinataka uangalifu zaidi. Kikunje mara kadhaa papo hapo dukani, kwa nguvu. Soli nyingi za plastiki laini huoza zikikaa miaka bila kuvaliwa, nje zinang'aa, na zinaanza kumumunyika siku ya kwanza ya kutembea. Bora zikufie sokoni kuliko katikati ya ukumbi.

Usifungashe pasi. Kampuni nyingi zinakataza pasi vyumbani kwa hofu ya moto, na wanaikamata mlangoni. Suti ya sufu au gauni la krepu litundike bafuni, fungulia maji ya moto dakika 15, mikunjo italegea. Pamba na kitenge havisikii dawa hiyo. Peleka kwa dobi wa meli.

SWALI: Tuko 20, tumekodi boti usiku wa Mwaka Mpya tuzunguke Saanane na Jiwe la Bismarck. Wanawake tumekubaliana magauni meupe marefu ya satini na mchuchumio. Kuna la kuongeza?
*Kikundi cha kufa na kuzikana, Nyamanoro*

JIBU: La kupunguza, jamani. Boti si ukumbi. Jaketi okozi linavaliwa juu ya hilo gauni, na kamba zake lazima zikaze kifuani. Mikono ya puto, maua makubwa begani na mkufu mzito vyote vitabanwa chini yake. Mshono wa mkia wa samaki hauruhusu hatua ya kutoka gatini kuingia botini. Weka mpasuo unaofika juu kidogo ya goti, au chagua gauni la kumwagika. Mchuchumio unanasa kwenye nafasi za mbao za gati, na juu ya chuma chenye maji unateleza. Vaeni viatu bapa vyenye mkanda nyuma ya kisigino, visichomoke.

Satini nyeupe ndiyo chaguo baya kuliko yote hapa. Ni msimu wa vuli. Tone moja la mvua linaacha alama, na jasho vilevile. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanafuata taa, na ukimfuta mmoja kwenye nguo unampaka. Wakung'ute tu. Krepu nyeupe isiyopenya mwanga inasamehe zaidi. Na kwa upepo wa juu ya boti, mwambie fundi apitishe mnyororo mwembamba ndani ya pindo, au ashonee vipande vidogo vya risasi za nyavu kila baada ya kiganja.

SWALI: Nakwenda nyumbani Krismasi na MV Victoria, natoka Mwanza usiku. Nataka nikishuka Bukoba niingie kanisani moja kwa moja. Nivae gauni la sikukuu tangu Mwanza?
*Binti wa Kagera*

JIBU: Hapana, litalala nawe na litaamka limekunjamana. Panda na suruali, raba na sweta. Gauni liviringishe, usilikunje, ndani ya khanga, kisha kwenye mfuko wa nailoni dhidi ya mvua. Meli ikitia nanga Kemondo, nenda kabadilishe mapema kabla foleni ya chooni haijawa ndefu. Bukoba haiko mbali kutoka hapo. Viatu vya kanisani vibaki mkononi mpaka utoke bandarini.