Oili ya giaboksi na difu kwa WRX ya manyuali: namba iache mwisho

Mkuu umeuliza mambo matatu kwa mpigo. Una Subaru WRX ya 2003, gia 5, gia namba 2 inakwaruza asubuhi, fundi wako anasema weka oili ya unene wa 140 maana ndo oili ya magari ya mbio, jamaa mwingine kakwambia GL-4 tupu (GL-4 na GL-5 ni madaraja ya oili ya gia) la sivyo sinkronaiza, zile ringi zinazolainisha gia kuingia, zitaliwa, na unataka kujua kama difu ya nyuma inywe hiyohiyo. Nakujibu kirefu kwa sababu hizi Subaru nimezishika sana, yangu na za washkaji, Arusha na Dar, na naona kila mtu anajibu kwa kusoma namba kwenye kopo wakati namba ndo kitu cha mwisho kuangalia.

Anza na kilichomo ndani. Giaboksi yako sio giaboksi tu, difu ya mbele (difrenshio, inayogawa nguvu kwa tairi za kushoto na kulia) imo humohumo kwenye bodi moja na wanakunywa oili moja, kama lita 3.5 hivi. Sasa ile difu ina krauni na pinyoni za hipoidi, yani meno hayabingiriki tu, yanateleza huku yamekandamizana kwa nguvu yote ya tabo, oili inaminywa mpaka chuma kinataka kugusa chuma. Pale kinachookoa sio unene wa oili, ni dawa za salfa na fosforasi zilizomo, zikipata joto na shinikizo zinajenga tabaka jembamba kwenye jino ili lisichubuke. GL-5 ina hizo dawa karibu mara mbili ya GL-4. Kwa hiyo aliyekwambia GL-4 tupu anakulindia sinkronaiza halafu anakuulia pinyoni, na pinyoni ya Subaru ikianza kulia huifikii bila kupasua giaboksi nzima, na gharama ya hapo unaijua.

Sio kwamba jamaa katunga. Kwenye gari ambayo giaboksi iko peke yake na difu iko nyuma kivyake, GL-4 kwenye giaboksi ina mantiki kabisa. Honda wana oili yao nyepesi ya manyuali, BMW E36 kuna zilizotoka kiwandani na ATF, oili ya giaboksi za otomatiki, kwenye giaboksi ya manyuali na zina lebo inasema hivyo. Ushauri wa gari moja ukihamishia kwenye gari nyingine ndo tunapoumizana. Hata Mitsubishi Evo, ambayo watu wanaiweka kapu moja na Subaru, ina giaboksi yake, transfa yake (inayogawa nguvu mbele na nyuma) na difu ya nyuma yake, kila kimoja na oili yake, huwezi kunakili huku ukabandika kule.

Hofu ya GL-5 kula shaba nayo ina chanzo, salfa kali ya zamani ikipata moto ilikuwa inashambulia shaba kweli. GL-5 nzuri za siku hizi zinapimwa kwa kipande cha shaba na hazina shida hiyo. Tatizo lililobaki ni utelezi. Sinkronaiza inafanya kazi kwa kusugua, ile ringi inakamata koni ya gia mpaka spidi zilingane ndo gia inaingia, oili ikiwa inateleza kupita kiasi ringi inakosa mshiko na unasikia krrr. Kwa hiyo unachotafuta ni GL-5 ambayo haijajazwa vilainishi vya ziada vya LSD (difu inayozuia tairi moja kuzunguka peke yake), au ile iliyoandikwa GL-4 na GL-5 kwa pamoja na mtengenezaji ameitaja kwa giaboksi, sio difu peke yake. Mfano Motul Gear 300 75W-90, au Red Line 75W90NS, hiyo NS ndo isiyo na kilainishi, usichanganye na 75W90 yao ya kawaida ambayo imetengenezwa kwa ajili ya difu. Subaru wenyewe wana Extra-S 75W-90 ambayo wengi wanaipenda, tatizo upatikanaji huku kwetu ni wa kubahatisha. Zile kokteli za wazungu za kuchanganya oili tatu tofauti kwenye ndoo mimi sizitaki, sijui nimepata nini mwisho wa siku na nikiongeza nusu lita njiani naongeza nini?

Haya tuje kwenye 140. Namba ya mwisho ni unene oili ikiwa na nyuzi 100, 90 ni kuanzia sentistoki (kipimo cha unene) 13.5 mpaka chini ya 18.5, 140 ni 24 mpaka chini ya 32.5. Umeona ilivyoruka. Na namba za gia zina mizani yake, usizifananishe na za injini, 75W-90 ikipata moto unene wake hauko mbali na 15W-40 ya injini. Ukiweka 140 kwenye giaboksi ya WRX, asubuhi ya Arusha mwezi wa saba ringi inabidi ikate kwanza ile oili nzito kabla haijagusa koni, hiyo namba 2 yako inayokwaruza itakwaruza zaidi na utaanza kuilazimisha, na kuilazimisha ndo kunakoimaliza. Ile 140 ya namba moja tu, isiyo na W, iliyojaa madukani ipo kwa ajili ya malori na matrekta, fundi kaikuta dukani, hajaikuta kwenye kitabu cha gari.

Kwako 75W-90 sintetiki. Hiyo 75W ya mbele ni ya baridi kali ambayo sisi hatuna, Kilimanjaro hatupandi na Subaru, ila faida yake unaiona saa 12 asubuhi gia zinapoingia bila ubishi. Kama uko Dar na bajeti imebana, 80W-90 ya kawaida ya GL-5 itafanya kazi, badilisha tu mapema.

Ila usitegemee miujiza kwenye hiyo namba 2. Pengo la kutoka 1 kwenda 2 ni kubwa, ndo ringi inayochoka mapema kuliko zote hasa kwa gari lililopita mikono mingi. Oili sahihi inaweza kupunguza mkwaruzo wa asubuhi, lakini ringi iliyokwisha imekwisha. Kama gari likishapata moto gia inaingia laini, jaribu oili kwanza. Kama inakwaruza hata baada ya saa nzima barabarani, angalia klachi inaachia vizuri, kama klachi iko sawa basi weka akiba ya kufungua giaboksi, na kwa sasa ukishusha gia gonga kidogo rezi ukiwa nyutro, inasaidia sana.

Difu ya nyuma ndo rahisi, lita 0.8 tu. WRX nyingi za Japani za kipindi chako zina LSD ya viskasi, ile iliyozibwa na silikoni yake ndani, haihitaji adetivu yoyote, weka hiyohiyo 75W-90 GL-5 na umemaliza. Hapa kama unapiga otokrosi au unapanda milima kwa fujo unaweza kwenda 75W-140, nyuma hakuna sinkronaiza ya kulalamika. Wenye STI, ile WRX kali zaidi, ndo waangalie, kuna zenye LSD ya plati na kuna zenye Torsen. Ya plati inataka oili yenye adetivu ya LSD, bila hiyo kona ya kuingia geti nyuma inanguruma na kugonga, ila ukizidisha adetivu plati zinateleza na LSD inageuka difu ya kawaida. Torsen ni gia tupu, haihitaji.

Umesema pia ukikata kona kali gari linasita kama limekanyagwa breki. Mkuu hiyo sio oili ya nyuma. Difu ya kati ya gari lako ina kiunganishi cha viskasi kilichozibwa, kikifa kinashika moja kwa moja na gari linajikaba kwenye kona, hasa likishapata moto. Na kinachokiua kwetu huku ni tairi za mtumba, mbele mbili mpya nyuma mbili zimelika, au saizi moja kampuni tofauti. Subaru wanataka mzunguko wa tairi usipishane zaidi ya kama milimita 6. Ukiendesha na tofauti kubwa kutoka Arusha mpaka Chalinze kile kiunganishi kinafanya kazi njia nzima bila kupumzika, hakuna oili itakayokiponya.

Kazi yenyewe: endesha kidogo ipate moto, paki pa tambarare, na nyuma fungua nati ya kujazia KABLA ya kudondosha, maana ukishamwaga halafu ya juu ikagoma umekwama na gari juu ya jeki. Mbele unajazia tundu la kijiti cha kupimia, taratibu, subiri ishuke ndo upime. Simama na fundi. Nati ya giaboksi na ya injini ziko jirani, kuna mshkaji alipeleka gari kumwaga oili ya injini, wakamwaga ya giaboksi, halafu wakajaza injini juu ya oili iliyokuwepo, akatoka pale na injini imefurika na giaboksi kavu. Ilifika kwake kwa bahati.

Angalia sumaku ya nati. Ugoro wa kijivu laini ni kawaida. Vumbi la dhahabu kwenye oili ni ringi za sinkronaiza. Kipande unachoweza kukishika kwa vidole, usiwashe gari. Oili ikiwa kama chai ya maziwa maji yameingia, na kama umewahi kupita Jangwani siku ya mafuriko badilisha zote mbili bila kungoja kilomita. Mimi kwa matumizi ya fujo sivuki 30,000, na makopo nanunua kwa mtu anayetoa risiti, seal nazikagua mwenyewe, ya kupimiwa kwenye pipa hata bure sichukui.

Jumla ni lita 4.3, nunua makopo 5 ya lita moja ubaki na ya kuongezea. Ila kabla hujatoa hela, piga picha tairi zote nne, saizi na kashata zilivyolika, uziweke hapa tuzione.