Mkanda wa jeshi miezi miwili baada ya kuanza ARV: asiache dawa

Dada yangu, pole sana wewe na shemeji. Umeuliza mambo matatu: kama mkanda wa jeshi uliomtoka mumeo ubavuni, miezi miwili tu tangu aanze ARV, maana yake dawa zimemkataa, kama azisimamishe mpaka vidonda vikauke, kama majirani wanavyomshauri, na kama wewe, mwenye mimba ya miezi mitano na usiye na maambukizi, uendelee kulala naye kitanda kimoja. Nakujibu kwa sababu mkanda ulinitoka mimi mwenyewe, tena usoni, na kwa sababu ni mtoa huduma rika kwenye CTC, kliniki ya tiba na matunzo ya wenye VVU, hapa mkoani Njombe. Wenye mkanda ninaowasindikiza mpaka kwa daktari ni wengi.

Dawa asiache. Hata siku moja asiruke.

Malengelenge hayo hayaletwi na VVU vyenyewe. Yanaletwa na kirusi cha tetekuwanga, ile ile ya utotoni. Tetekuwanga ikipona, kirusi chake hakitoki mwilini. Kinajificha kwenye mishipa ya fahamu kando ya uti wa mgongo na ya usoni, kinakaa humo miaka na miaka, kinga ikikibana kisitoke. Kinga ikishuka kinaamka, kinafuata mshipa mmoja mpaka kwenye ngozi. Ndiyo sababu malengelenge yanajipanga mstari, na yanaishia katikati ya kifua na katikati ya mgongo: mshipa wa kulia kazi yake ni ya upande wa kulia tu. Yale maneno kwamba mkanda ukizunguka ukakutana mtu anakufa yametesa watu bure. Nimewahi kumkuta mzee wa watu anajipima ubavu kwa kamba kila asubuhi aone umesogea kiasi gani, hali hasikii njaa wala usingizi kwa hofu. Kinachotakiwa kuwashtua ni malengelenge yakitapakaa mwili mzima, au homa kali, au kuchanganyikiwa. Hapo ni hospitali usiku huo huo, maana atahitaji dawa ya sindano.

Sasa kwa nini utoke baada ya kuanza dawa na si kabla? Mtu aliyechelewa kuanza, kinga yake inakuwa imelala. Dawa zikishusha virusi, kinga inarudi kwa kasi na kuanza kupambana na vile vilivyokuwa vimejificha. CTC mtawasikia wakiita hali hiyo IRIS. Hutokea zaidi wiki na miezi ya mwanzo, na mkanda ni mojawapo ya vinavyojitokeza sana kipindi hicho. Kwa hiyo wanaosema dawa zimekataa wanasoma dalili kinyume. Dawa kukataa huonekana kwenye kipimo cha wingi wa virusi, na cha kwanza kwa kawaida hufanyika mgonjwa akifikisha miezi sita. Akisimamisha leo, VVU vinapanda, kinga inashuka tena, na mkanda haujapona bado.

Jambo la haraka ni dawa ya mkanda wenyewe, asaiklovia. Kwenye boksi utaona imeandikwa Aciclovir. Inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 72 tangu vipele vya kwanza vitoke. Zikishapita, bado aende, maana mwenye VVU daktari humpa hata akichelewa, hasa kama vipele vipya vinaendelea kutoka. Na hapa nawaomba wote mnaosoma mtulie kidogo. Dozi ya mkanda kwa mtu mzima ni mg 800 mara tano kwa siku, siku 7 hadi 10. Vidonge vingi madukani ni vya mg 200 au 400. Mara nyingi mtu ananunua dukani bila cheti, anaambiwa ameze kimoja cha mg 200 mara tano kwa siku. Hiyo ni dozi ya malengelenge ya sehemu za siri, ya kirusi kingine cha ukoo huo huo. Kwa mkanda ni ndogo mno. Anamaliza dawa, maumivu yako pale pale, anarudi nyumbani akiamini amerogwa. Aende CTC na kadi yake, daktari aangalie na figo, kwa kuwa asaiklovia na tenofovia iliyomo kwenye ARV zote zinapitia huko. Na maji anywe ya kutosha.

Vidonda asivipake dawa ya meno, majivu wala mafuta ya taa. Nimeona ngozi iliyoungua kwa mafuta ya taa kuliko ilivyoumizwa na mkanda. Aoge kwa maji safi na sabuni ya kawaida, akaushe taratibu, avae pamba iliyolegea. Vikianza kutoa usaha, bakteria wameingia, arudi kwa daktari.

Wangu ulitoka kwenye paji la uso upande wa kushoto. Ulianza na maumivu kabla ya kipele chochote, kama siku tatu hivi, nywele zikigusa tu nasikia moto. Duka la dawa la kwanza wakaniambia nimekojolewa na mdudu, wakanipa krimu ya fangasi. Nilipofika zahanati, muuguzi hakuangalia paji kwanza, aliangalia ncha ya pua. Kulikuwa na kipele kimoja pale. Akaandika rufaa ya macho hapo hapo, bila kunipanga foleni. Mshipa unaopeleka hisia kwenye ncha ya pua unatokana na ule ule wa jicho, kwa hiyo pua ikiguswa, jicho liko hatarini. Daktari wa macho alinidondoshea rangi ya njano, akazima taa ya chumba, akamulika kwa mwanga wa bluu. Michubuko kwenye kioo cha jicho ikang'aa kijani, akamwita mwanafunzi wake naye aone. Jicho limepona na linaona, lakini kovu juu ya nyusi ninalo. Kama malengelenge ya mtu wako yako kwenye paji, kope au pua, usingoje kesho.

Siku ile ile nilipimwa VVU, na ndivyo nilivyojua. Wakati huo ARV zilikuwa hazitolewi mpaka CD4, yaani idadi ya seli za kinga kwenye damu, ishuke kiwango fulani, hivyo nikasubiri. Tangu 2016 Tanzania inaanzisha dawa kila anayekutwa na maambukizi, bila kujali CD4. Naliandika hili kwa ajili ya wasomaji wengine: kijana aliyetokwa na mkanda akapime, ila msimhukumu mtu kwa kovu. Mkanda huwatoka pia wazee, wenye kisukari na wanaotibiwa saratani, na kwa mwenye VVU hutoka hata CD4 zikiwa nzuri.

Maumivu yakibaki baada ya ngozi kupona, asinyamaze kiume. Panadol peke yake mara nyingi haitoshi, kwa kuwa kinachouma ni mshipa. Daktari ana dawa za mishipa, kama amitriptilini, kidonge cha usiku kinachokausha mdomo kidogo lakini kinarudisha usingizi. Mimi kilinifaa.

Akienda, aulizie CD4. Siku hizi tumezoea kuulizia wingi wa virusi tu, lakini kwa anayeanza dawa, au aliyerudi baada ya utoro, CD4 ndiyo inayoonyesha yuko hatarini kwa yapi. Zikiwa chini ya 200 anachunguzwa TB na homa ya uti wa mgongo ya fangasi. Zikiwa chini ya 50, akianza kuona vitu vyeusi vinaelea machoni, au kama pazia upande mmoja, bila maumivu yoyote, asipuuze. Kuna kirusi kiitwacho sitomegalo kinachokula retina na kupofusha. Kingine ni homa ya ini B. Tenofovia na lamivudini zinazotumika kwenye ARV zinazuia na hiki pia, kwa hiyo mwenye vyote viwili akiacha ARV ghafla, ini linaweza kuwaka vibaya. Hiyo ni sababu nyingine ya kutowasikiliza majirani. Mabaka ya zambarau kwenye ngozi au kwenye kaakaa yanaweza kuwa Kaposi, saratani inayoletwa na kirusi pia. Na wanawake wenzangu wenye VVU, kipimo cha mlango wa kizazi msikiruke, kwa sababu kirusi cha HPV, kinacholeta saratani ya hapo, kwetu sisi hakitoki mwilini kirahisi.

Sasa wewe na mimba. Mkanda hauambukizwi kama mkanda. Lakini maji ya malengelenge yanaweza kumpa tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuiugua, na kwa mjamzito tetekuwanga ni ugonjwa mzito. Mpigie mama yako umuulize kama uliugua utotoni. Kama uliugua, lala na mumeo bila wasiwasi, vidonda vikiwa vimefunikwa. Kama hukuugua au mama hakumbuki, mwambie mkunga wa kliniki mapema, hasa ukiwa umeshagusa vidonda, na mtenge kitanda, taulo na shuka mpaka vyote vifanye magaga. Mtoto wa kaka yako mliyesema ana miezi minne naye asibebwe na shemeji kwa sasa. Na kwa kuwa wewe huna VVU na yeye ndiyo kwanza ameanza dawa, ulizia PrEP, dawa za kumkinga asiye na VVU asiambukizwe, siku hiyo hiyo hapo hapo CTC. Mjamzito anaruhusiwa kuitumia. Ukishaonana nao, niandikie umepewa tarehe gani ya kupima tena.