Kanji za nyumbani: kwa mnaokuja kusoma Japani

Karibuni Japani. Darasani mtaanza na hiragana, mtakwenda katakana, ambazo ni herufi za sauti, halafu kanji, yaani alama zenye maana, za namba na siku za juma. Ni utaratibu mzuri, ila chumba mtakachopanga hakitawasubiri mfike huko. Usiku wa kwanza tu mtakuta rimoti ya kiyoyozi, mashine ya kufulia na chupa kadhaa chini ya sinki, vyote vimeandikwa Kijapani. Nawasihi mjifunze kanji za nyumbani sambamba na za darasani. Si nyingi, na zinajirudia kila mahali.

Njia iliyonifaa mimi ni kuanza na kanji ya mwisho. Mara nyingi ya mwisho hutaja ukoo, na zilizo mbele yake hutaja kazi. Chukua 剤: ukiiona mwishoni, jua ni kitu kilichotengenezwa kwa kazi maalumu, iwe dawa au kemikali. 洗剤 ni sabuni ya kufulia au ya vyombo, 柔軟剤 ni ya kulainisha nguo, 漂白剤 ni jiki, na 入浴剤 hutiwa kwenye maji ya kuoga. Pakiti za kujazia, zenye neno 詰め替え, hufanana mno, maua yale yale na rangi zile zile. Ni rahisi sana kufua kwa 柔軟剤 ukidhani ni sabuni: nguo zitanukia vizuri, lakini hazitatakata.

Kwenye 漂白剤 tulieni zaidi. Kuna 塩素系, yenye klorini, inayong'arisha nguo nyeupe na kuharibu kanga na vitenge. Kuna pia 酸素系, iliyo pole kwa nguo nyingi za rangi. Tofauti ni kanji moja ya mwanzo, na hiyo 塩 ndiyo ile ile mtakayoiona kwenye pakiti ya chumvi. Chupa ya 塩素系 huwa na onyo kubwa usoni: まぜるな危険, yaani usichanganye, ni hatari. Onyo hilo hilo liko kwenye dawa za choo za asidi, zilizoandikwa 酸性タイプ. Vitu hivi viwili vikikutana hutoa gesi ya klorini, na mabafu ya vyumba vya wanafunzi ni madogo, mengine hayana dirisha. Siki na limau navyo msivikaribishe hapo. Ukiishi na wenzako, andika onyo hilo kwa Kiswahili juu ya chupa kwa kalamu nene.

Vitufe ni habari nyingine. Wapo wanaobandika karatasi zenye tafsiri kwenye kila kitufe, nami siungi mkono. Jicho litazoea karatasi, na ukienda kwa rafiki au hotelini unaanza upya. Shika chache: 入 ni kuwasha, 切 ni kuzima, 停止 ni kusimamisha, 取消 ni kufuta ulichochagua. Kwenye rimoti ya kiyoyozi 冷房 ni baridi na 暖房 ni joto. Zote zinaishia na 房, kwa hiyo hapo tazama ya mbele. Hiyo 冷 utaikuta tena dukani: 要冷蔵 ni chakula cha kuweka kwenye friji.

Vyakula vina tarehe za aina mbili. 消費期限 iko kwenye nyama mbichi, sandwichi na vyakula vilivyopikwa, ikipita, usile. 賞味期限 inahusu ubora wa ladha, na pakiti ambayo haijafunguliwa haiharibiki siku ile ile. Mwaka hutangulia, hivyo 26.08.03 ni tarehe 3 Agosti 2026. Kwa Waislamu, tafuteni 豚 (nguruwe), ラード (mafuta yake) na 酒 (pombe) katika orodha ya viungo. Kamera ya simu husaidia kutafsiri, ingawa maandishi ya wima na ya mapambo huipotosha.

Mwisho, geuza chombo usome bamba la nyuma. 製 ikiwa na mwaka mbele yake, kama 2019年製, ni mwaka wa kutengenezwa. 定格電圧 ni volti, na umeme wa nyumbani Japani ni 100V. Masafa ya umeme (Hz) nayo hutofautiana: Tokyo hutumia 50Hz na Osaka 60Hz, kwa hiyo ukinunua maikrowevu ya mtumba iliyoandikwa 50Hz pekee usihamie nayo Osaka. Na wanaotaka kutuma raisikuka au pasi kwa mama nyumbani: umeme wa Dar es Salaam au Mombasa una volti zaidi ya mara mbili ya hizo, chombo kitaungua siku kitakapochomekwa bila transfoma. Chaja nyingi za simu na kompyuta huandikwa 100-240V, hizo tumeni bila wasiwasi.