Meth si methadoni

Mmeuliza wiki hii: ni neno gani geni linalotuchanganya mtaani? Langu ni methamfetamini, dawa haramu ya mitaani, au kwa kifupi chake, meth. Nauza katika duka la dawa hapa Majengo, Mombasa, na hivi karibuni alikuja mama mmoja na kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Ndani, kwa wino wa buluu: "meth". Marafiki wa mwanawe ndio waliomwandikia.

"Alhamdulillahi, ashaanza dawa," akaniambia. "Lakini mbona mwanangu halali usingizi? Leo siku ya tatu. Usiku kucha afungua redio na kuifunga."

Yeye alidhani ni methadoni, ile dawa ya maji wanayokunywa mateja kliniki ili waachane na heroini. Majina hayo mawili yanaanza sawa kwa ajili ya methili, kipande cha kikemia kilichomo katika yote mawili. Undugu unaishia hapo. Methadoni hutuliza. Methamfetamini huamsha: moyo huenda mbio, njaa hukatika, usingizi huhama. Mjapani Nagai Nagayoshi aliitengeneza mwaka 1893 kutokana na efedrini, na kufikia 1938 Wajerumani walikuwa wakiiuza kama vidonge vya Pervitin, ambavyo baadaye askari wao walimeza ili wakeshe vitani.

Nadhani kosa si la mama peke yake. Mihadarati ni neno la Kiarabu lenye asili ya ganzi. Dawa za kulevya, nalo lasema ulevi. Yote mawili yanamkaa sawasawa teja wa heroini, yule anayeinama kituo cha matatu mpaka kichwa kikaribie magoti, na haanguki. Anayekesha siku tatu tumwiteje? Hata mlanguzi Baktash Akasha wa hapa hapa Mombasa alipofungwa miaka 25 kule New York mwaka 2019, kesi ilihusu heroini na methamfetamini pia. Barazani ikabaki "kesi ya unga", basi.

Nilimweleza taratibu. Akanyamaza, kisha akauliza: "Na hiyo ya kwake, methadoni haiitoi?"

Haiitoi, mama. Wala hakuna kidonge chake maalumu kama kile cha malaria. Tiba yake kubwa ni ushauri nasaha, na huchukua muda. Hata hivyo nikamwambia ampeleke hospitali siku ileile, kwa sababu ya moyo na ule kukesha.

Akanisukumia kikaratasi nimwandikie jina zima, asije akakosea mbele ya daktari. Nililiandika kwa herufi kubwa, likavuka mikunjo yote.