Jina lililokwanguliwa

Mwanangu,

Marahaba. Picha zako za kanisa la Jarrow, huko Uingereza, zimefika, na swali lako nimelisoma mara tatu: ile Biblia kubwa ya Kilatini iliyoandikwa hapo jirani na kwako, ambayo leo iko Italia, Florence, katika maktaba ya Laurenziana, kwa haki ni ya nani? Ya Waingereza walioiandika au ya Waitalia walioitunza? Nitakujibu. Ila kwanza tuzungumze habari ya jina.

Lile jiwe la juu ya tao ni la mwaka 685. Nimevaa miwani nikalisoma taratibu: siku ya kutabaruku kanisa, mwaka wa 15 wa mfalme Ecgfrith, mwaka wa 4 wa Abate Ceolfrith, mkuu wa monasteri. Mwambie mama yako Kilatini cha seminari hakijanitoka chote. Huyo Ceolfrith ndiye aliyeandikisha Biblia tatu nzima. Mbili zibaki katika monasteri zake za Wearmouth na Jarrow, moja iende Roma kwa Mtakatifu Petro. Hiyo ya safari ndiyo unayouliza. Ina majani 1,030 ya ngozi, na ngozi moja ya ndama hutoa majani mawili makubwa kama yale. Hesabu mwenyewe zizi limekwisha mara ngapi. Uzito wake unapita kilo 34, karibu na wewe ulipoingia darasa la sita. Ndani amechorwa Ezra ameinamia kazi yake anaandika, nyuma yake kabati liko wazi, vitabu vimelazwa humo kimoja kimoja. Mwaka 716 mzee, ana miaka 74, akawaaga watawa aipeleke mwenyewe. Hakufika. Alifia Langres, Ufaransa, mwezi wa tisa.

Baadaye Biblia iko kwenye monasteri ya San Salvatore, Mlima Amiata, Italia, na ukurasa wa wakfu, wenye shairi la kutoa zawadi, umepitiwa na kisu. Palipokuwa na jina la Ceolfrith wa Waangli, yaani Waingereza wa kale, pamekwanguliwa, pakaandikwa Petro wa Walombardi. Palipokuwa na Petro mtume, ambaye ndiye zawadi iliandikiwa, pakawekwa Salvatoris, yaani Mwokozi, jina la monasteri yao. Sasa wewe umekulia kwenye mashairi ya babu yako: Petri ni mizani mbili, Salvatoris ni nne. Mshororo ukachechemea. Na shairi linaendelea kusema abate huyo ametoka mipaka ya mwisho ya dunia. Mlombardi, wa hapo hapo Italia! Karne zikapita hadi miaka ya 1880, mtaalamu wa mambo ya kale wa Italia, Giovanni Battista de Rossi, alipoitazama ile mikwaruzo akashuku. Ushahidi ukapatikana katika maisha ya Ceolfrith yaliyoandikwa zamani, ambamo beti zile zimenakiliwa na jina lake limo. Kalamu ina mwenyewe. Nimekwambia tangu unashika penseli.

Daftari la nyimbo unalijua, lile la kwenye sanduku la bati la bibi yako. Nililiandika likizo nzima ya kidato cha tatu, kwa kalamu ya kuchovya, nyimbo na noti zake za do re mi, mistari nikiipiga kwa rula ya ubao. Nyingine nilizitafsiri mwenyewe kutoka Kilatini. Nyuma, chini kabisa, niliandika jina langu, herufi ndogo tu. Mwaka uliofuata narudi parokiani, naona mwalimu wa kwaya amelishika mbele ya watu. Ule ukurasa wa nyuma umepitishwa wembe. Karatasi ikikwanguliwa huota manyoya, mwanangu, na wino mpya ukigusa manyoya husambaa. Jina lake lilikuwa limevimba kama mguu ulioumwa na nyuki. Sikusema neno. Nilikwenda kuimba besi. (Mama yako akisikia neno "wembe" huondoka mezani, anajua kinachofuata.)

Kwa hiyo usiniambie habari ya kutunza. Mwizi naye hutunza.

Lakini ngoja. Zile Biblia mbili zilizobaki nyumbani, ambazo hakuna aliyezikwangua jina, ziko wapi? Zimebaki majani machache. Mengine yalikutwa yamefanywa majalada ya hati za mashamba huko huko Uingereza. Iliyodhulumiwa ndiyo iliyobaki nzima. Na daftari langu nalo: nakala mbili nilizoiachia parokia zililiwa na mchwa kabla hujazaliwa. Hili la wembe mwalimu alilifunga kwenye mfuko wa mbolea, akalining'iniza darini miaka ishirini na kitu. Mjane wake ndiye aliyenirudishia. Aliniambia marehemu hakuruhusu mtoto yeyote aliguse. Nililia, na mpaka leo sijui nililia kwa hasira au kwa nini.

Basi ni ya nani? Nimeandika jibu nikalikata, nikaandika jingine nikalikata. La kwanza lilikuwa jepesi mno, la pili lilikuwa linamhusu mwalimu wa kwaya. Mwaka 2018 waliiazima hadi London, miaka 1,302 tangu iondoke, kisha ikarudishwa Florence, na nilipokusikia unasimulia kwenye simu nilitaka kusema "wasiirudishe". Nikanyamaza. Bado kidogo nataka kusema.

Ukipita tena Jarrow nipigie picha nyingine ya jiwe. Kwenye hii kidole chako kimeziba kona ya chini, na neno la mwisho sijalisoma.

Baba yako