Aliyeongoza Staying Alive ni Stallone

Kama unadhani filamu ya Staying Alive iliongozwa na John Badham, hapana, siyo yeye. Badham aliongoza ile ya kwanza tu, Saturday Night Fever ya 1977. Mwendelezo wake, Staying Alive wa 1983, uliongozwa na Sylvester Stallone, yule yule wa Rocky, filamu ya ndondi, na script aliiandika pamoja na Norman Wexler. Ukiwa makini utamwona hata yeye mwenyewe barabarani akipigana kikumbo na John Travolta, mwigizaji mkuu, sekunde chache tu.

Na kwangu mimi hapo ndipo ilipoharibika. Filamu ya kwanza ilikuwa na Brooklyn yenyewe, ugomvi wa nyumbani, kazi ya duka la rangi. Dansi ndiyo iliyokuwa pumzi ya Tony Manero, mhusika anayeigizwa na Travolta. Ya pili inamvusha hadi Manhattan akisaka nafasi jukwaani Broadway, kisha inamgeuza kama bondia: jasho, misuli, kitambaa kichwani. Inauma, maana Travolta alijifua kweli kweli.

Ila msiseme haikuuza. Wahakiki waliiponda vibaya, lakini huko Marekani filamu hiyo iliingiza zaidi ya dola milioni 60.